Acheni Uvungu Wetu

Siku hizi ni shida kufungua simu bila kukutana na mtu anayekufundisha namna ya kutupa vitu vyako. Mara nyingi ni dada mtanashati, sebule yake nyeupe pe, sofa la rangi ya maziwa, zulia ambalo halijawahi kumwagikiwa uji. Anafungua kabati, anatoa vitenge, anatoa sufuria, anatoa mapazia ya zamani, anavirundika katikati ya chumba, halafu anatutazama kwa huruma kama daktari aliyepokea majibu mabaya. "Wapendwa, hivi vyote vya nini?" Chini yake maoni yanamiminika: umenigusa, leo naanza kwangu, Mungu akubariki.

Nianze kwa kuwatendea haki. Hoja yao, wakiieleza wenyewe, ni hii: nyumba iliyosheheni vitu inamchosha anayeishi humo. Muda unapotea kutafuta, fedha inapotea kununua mara ya pili kitu ambacho tayari kimo ndani, na panya wanapata makazi ya bure. Dawa ni kutoa kila kitu nje, kuchambua, kubakiza unachokitumia na unachokipenda, kukipatia kila kilichobaki mahali pake, na kilichozidi kumpa anayekihitaji. Mama wa mafundisho haya kwa zama zetu ni Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014 na kipindi chake kikaingia Netflix Januari 2019. Yeye anakutaka ukishike kila kitu mkononi ujiulize kama kinakupa furaha. Kisipokupa, kishukuru muagane. Huku kwetu imeongezwa kanuni ya mwaka mmoja: usichokigusa kwa miezi kumi na miwili, hukihitaji.

Hoja hiyo inamezeka kwa urahisi, ndiyo maana imesambaa. Mimi nataka kuitafuna kwanza.

Dai la kwanza: kisichotumika mwaka mzima hakihitajiki

Kanuni hii imetungwa na mtu ambaye maisha yake yanajirudia vilevile kila mwaka. Ya kwetu hayana adabu hiyo. Sufuria kubwa, ile ya kupikia kilo ishirini za mchele, inaweza kulala juu ya dari miaka mitatu bila kuguswa. Halafu saa nane za usiku simu inalia: mzee wa nyumba ya tatu amefariki, na kabla jua halijachomoza inatakiwa chai ya watu mia. Mwenye biashara ya kukodisha vyombo amelala, na akiamka anataka kianzio. Anayegongewa mlango ni yule mama ambaye dari lake limejaa. Ndiye mwenye sufuria mbili, majamvi manne, birika la kuchemshia chai ya watu wengi, ndoo zenye mifuniko. Yule wa sebule nyeupe atafika msibani saa tano asubuhi, atakaa juu ya jamvi la mwenzake, atakunywa chai iliyochemshwa kwenye sufuria ya mwenzake, na jioni atarudi kwake kutufundisha kwamba mwenzake ana ugonjwa wa kulimbikiza.

Twende kwenye madumu. Katika picha za "kabla na baada" hakuna kitu kinachoaibishwa kama dumu tupu la lita ishirini na ndoo iliyokuwa ya rangi. Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yalipopungua, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Siku zile dumu tupu lilikuwa na heshima kuliko sofa. Aliyekuwa nayo sita alipanga foleni mara moja akamaliza. Aliyekuwa amebakiza moja linalompa furaha alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka furaha ikamtoka.

Na karatasi. Msimamo wa Kondo kuhusu karatasi ni kuzitupa zote, kisha anaruhusu chache zibaki. Nakubali kwamba hakuna aliyewahi kukishika cheti cha kuzaliwa akasisimka. Wala risiti ya kodi ya kiwanja, wala ile hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, yenye alama ya dole gumba ya muuzaji ambaye sasa ni marehemu. Lakini ofisi zetu zina tabia ya kukuuliza leo karatasi ya miaka thelathini iliyopita. Watumishi wa umma walipohakikiwa vyeti, ripoti ya Aprili 2017 ilitoka na majina 9,932 ya waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na kila mwalimu na muuguzi nchini alielewa usiku huo thamani ya cheti chake cha kidato cha nne. Laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, siku ya mwisho ikiwa 20 Januari 2020, watu walikimbilia kitambulisho cha Taifa, na dirishani wakaulizwa cheti cha kuzaliwa. Mwenye tranka lake la shule chini ya kitanda aliingia uvunguni akatoka nacho. Wahenga waliosema mtaka cha uvunguni sharti ainame hawakuongeza kwamba akishakipata akakitupe.

Dai la pili: mrundikano ni ukosefu wa nidhamu

Hapa ndipo wanaponiudhi hasa, kwa sababu wanachukua tatizo la ujenzi wanalifanya la tabia.

Mtazame mtu aliyepanga chumba na sebule Manzese au Tandika, yeye, mke na watoto watatu. Nyumba haina stoo. Haina kabati la ukutani. Jiko la pamoja liko uani, kwa hiyo sufuria, jiko la mkaa, mtungi wa gesi na gunia la mkaa vyote vinalala ndani, maana vikilala nje vitaamka kwa mtu mwingine. Uvungu ni stoo, juu ya kabati ni stoo, nyuma ya mlango ni stoo. Chunguza kitanda chake: kila mguu umesimama juu ya matofali, kimeinuliwa makusudi ili ndoo ya unga yenye mfuniko ipite chini bila kukwaruza, na nyuma yake viroba viwili vya nguo za msimu wa baridi wa Njombe anakotoka. Mtu aliyefikiri hadi hapo anaambiwa na mwenye vyumba vinne kwamba hajui kupanga.

Waliojenga zamani hawakuwa na kiburi hiki. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, mahali pa kuweka bakuli za kaure kutoka China na vitu vya thamani vya nyumba. Unguja kulikuwa na kasha la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba, lenye vijidroo chini na kificho ndani. Jikoni kulikuwa na susu, limening'inizwa kwenye boriti ili kitoweo kisifikiwe na paka. Bara palikuwa na kihenge na uchaga. Fundi alijua kwamba nyumba ni mahali pa kulala na mahali pa kuweka, akavijengea vyote viwili.

Sasa angalia nyumba ya kupangisha ya leo. Ina vigae vinavyoteleza, madirisha ya alumini, bafu la ndani, na dari la jipsamu lenye taa za rangi. Stoo haimo, kwa sababu mita mbili za stoo ni mita mbili zisizotozwa kodi. Na lile dari zuri halibebi hata mfuko wa mchele. Ukiliwekea sufuria ya shughuli litakushukia na taa zake. Yaani mwenye nyumba ameondoa stoo na kuondoa dari, kodi kaipandisha, na lawama zimebaki kwa mpangaji ambaye eti ana vitu vingi.

Dai la tatu: vitu ni vitu tu, usijifunge navyo

Sentensi hii husemwa kwa upole mkubwa, na karibu kila mara anayeambiwa ni mwanamke, mbele ya kabati la vyombo.

Kabati lile tunalijua. Vioo viwili vya kusukuma, ndani seti ya vikombe ambavyo havijawahi kunywewa, hotpoti tatu, chupa za chai, masinia, sahani zenye ukingo wa dhahabu. Chini, nyuma ya milango ya mbao, doti za khanga ambazo hazijakatwa, bado zina ugumu wa dukani. Mshauri anaona vumbi. Anachotakiwa kuuliza ni nani anamiliki nini katika nyumba hiyo. Kiwanja kina jina la mume. Nyumba ina jina la mume. Pikipiki ina jina la mume au la shemeji. Vyombo ni vya mke: alipewa kwenye harusi, alivipata kwenye mchezo wa kina mama, alivinunua kidogokidogo kwa faida ya maandazi. Ndoa ikivunjika, kinachopakiwa kwenye Kirikuu mlangoni ni kabati, masufuria, godoro na kiroba cha khanga, na mtaa mzima unatazama kuhakikisha hajazuiwa kuvichukua.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja. Hata hivyo mpaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ndipo Mahakama ya Rufani ilipotamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa. Mwanamke aliyekulia katika nchi yenye historia hiyo anapokataa kugawa seti yake ya vikombe, ana akili kuliko anayemhubiria.

Na zile doti za khanga zina mzunguko wake. Moja itakwenda kwa mwali, moja kwa aliyejifungua, moja itamfunika marehemu, mbili zitauzwa ada ya shule ikibana. Ni akiba isiyokatwa makato ya kutoa na kutuma, na mume hawezi kuifungua kwa nenosiri.

Nikiwa hapahapa: mbona kamera haigeuki upande wa pili? Katika nyumba hiyohiyo kuna kona yenye betri ya gari lililouzwa zamani, redio tatu mbovu, feni isiyo na kichwa, na fungu la nyaya ambazo mwenyewe hakumbuki ni za nini. Kona hiyo ni ya baba. Inaitwa "vifaa". Sijaona mshauri hata mmoja akimwambia baba asijifunge na vitu.

Dai la nne: kupanga kunaokoa fedha

Baada ya kutupa hufuata kununua. Hakuna somo la mpangilio linaloisha bila orodha ya manunuzi: makopo yanayofanana yenye vifuniko vya mianzi, vikapu vya saizi tatu, maboksi ya plastiki yenye magurudumu, rafu ya viatu, lile kabati la turubai na mabomba ambalo likishaning'inizwa makoti mawili linainama kama linarukuu. Pita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo uone biashara ilivyonoga. Na mwisho wa somo kuna namba ya kuweka oda, mzigo unafika popote mkoani.

Mwalimu mkuu alipita njia hiyohiyo. Katika kitabu chake Kondo anaonya watu wasikimbilie kununua vyombo vya kuhifadhia. Novemba 2019, miezi kumi tu baada ya kipindi chake kuanza, alifungua duka la mtandaoni. Januari 2023 akawaambia waandishi wa habari kwamba tangu apate mtoto wa tatu amelegeza kamba, nyumba yake si nadhifu kama zamani. Wanafunzi wake wa Mikocheni na Kilimani naona taarifa bado haijawafikia.

Kilichotupwa ili makopo mapya yapate nafasi ni kopo la Blue Band, ambalo lilikuja bure, linafunga vizuri, na lilikuwa linatunza dengu bila kumdai mtu. Kwa hesabu ya kawaida, kulitupa na kulinunulia mrithi wa shilingi elfu saba kunaitwa hasara. Kwa hesabu ya mitandaoni kunaitwa kujipenda.

Lakini fedha ni gharama ndogo. Kibaya zaidi ni kwamba urembo huu unafuta taarifa. Unga, amira, magadi, dawa ya minyoo ya mbuzi, vyote vinatolewa kwenye pakiti zake na kumiminwa katika vyombo vinavyofanana, na pakiti inapotupwa huondoka na tarehe ya mwisho wa matumizi, kipimo na onyo. Katika nyumba ambayo sumu ya panya imechanganywa na nafaka na kutiwa rangi ya waridi, chombo kizuri kisicho na maandishi ni hatari. Nenda wodi ya watoto uliza kuhusu mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, yakawekwa sakafuni karibu na jiko. Hilo ndilo suala la mpangilio linalowapeleka watoto hospitali kila mwaka, na halina video. Nini kiwe juu asikofika mtoto, nini kisikae karibu na moto, dawa ipi ibaki kwenye boksi lake: hayo hayapendezi kwenye kamera, basi hayasemwi.

Dai la tano: toa, mwenzako anufaike

Ukarimu huu una safari ndefu, na sisi tunakaa kwenye kituo chake cha mwisho. Nguo zinazotolewa makabatini Marekani na Ulaya kwa jina la kupunguza mzigo hufungwa marobota na kuuzwa. Huishia kwenye masoko ya Karume na Gikomba. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao kwamba ajira za Wamarekani zitapotea. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru.

Kwa hiyo kabati likipunguzwa Ohio, ni lazima jingine lijae Ilala, na wakubwa wamelisimamia hilo kwa sheria ya biashara. Halafu kabati la Ilala likishajaa, anatokea mtu mwenye sofa la maziwa kutuambia tuna uroho wa vitu.

Hata ukarimu wa hapahapa una maswali. Anayepewa gauni ambalo zipu imekufa amekabidhiwa kazi ya kulitupa. Kinachomshinda yeye kitafika dampo la Pugu Kinyamwezi kwa jina lake. Na mara nyingi "kutoa" maana yake ni kusafirisha. Uliza yale mabegi manne yaliyopandishwa basi la Muheza yamekwenda wapi. Yako chumbani kwa mama mzazi, pamoja na kitanda cha zamani cha mtoto, televisheni ya kisogo na vitabu vya chuo. Mama anashindwa hata kufungua dirisha la chumba hicho. Mwanawe mjini anapongezwa kwa kuishi na vitu vichache.

Dai la sita: ni kazi ya wikendi moja tu

Ya nani? Anayeonekana kwenye video anashika kitenge kimoja na kukikunja kwa madaha. Aliyevitoa vyote, akafuta rafu, akapanda stuli kushusha mizigo ya juu ya kabati na kukesha kurudisha vitu ndani hayumo kwenye picha: ni dada wa kazi. Yeye ndiye mwenye ramani ya nyumba kichwani, anajua kisu cha mkate kilipo na kandambili ya mgeni iliko. Jumatatu, kila kitu kimehamishwa kwa ajili ya picha, chujio la chai halionekani, na anayefokewa ni huyohuyo dada.

Wenye kupanga na waendelee kupanga. Kila mtu ana haki ya sebule tupu akiweza kuilipia. Lakini nyie mnaojenga nyumba za kupangisha, na nyie mnaozichorea ramani: wekeni stoo. Futi sita kwa tano zinatosha, mlango wenye kitasa, rafu za zege mpaka juu, tundu la hewa lenye wavu wa kuzuia panya. Wekeni na kabati moja la juu jikoni lenye kufuli kwa ajili ya dawa na sumu. Mkishamaliza, njooni muhesabu vitu vyetu.